Rangi ya Kahawa

Mimi ni mtu wa kukaa. Majirani zangu kwenye milima ya Mbinga walikuwa wakisema nyumba yangu ina mafiga manne: matatu ya kupikia, na mimi. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani, nikakalia kigoda mbele ya mlango, na tangu siku ile aliyenitafuta hakuhitaji kuuliza njia mara mbili. Songea nilipajua kwa ajili ya shule. Liuli, kule chini ziwani, nilishuka kuposa, na nilipokubaliwa nikaona safari zangu za duniani zimetosha.

Kwa hiyo sijui niseme nini kuhusu mwaka ule ambao kigoda kilinichoma.

Mtoto wetu wa tatu, msichana, alizaliwa na kelele kifuani. Ukimwekea kiganja unasikia mtetemo, kama paka aliyelala karibu na moto. Mimi nilifurahi. Nilimwambia mke wangu, huyu ametulia kama baba yake, anakoroma akiwa macho. Mke wangu hakucheka. Mtoto alikuwa akinyonya mara mbili tatu, anaachia titi, anahema, jasho linamtoka kwenye paji la uso wakati sisi wengine tumejifunika mablanketi. Kliniki mizani ilikuwa haisogei. Akapelekwa hospitali ya misheni, na huko madaktari wa kigeni waliokuwa wamekuja kupima watoto wakamwekea mashine, wakatuambia hivi: kila mtoto akiwa tumboni ana kimshipa kinachounganisha mishipa miwili mikubwa juu ya moyo. Akizaliwa, kimshipa kile hujifunga chenyewe. Cha huyu hakikujifunga.

“Kimekataa kuhama,” alisema mke wangu, akinitazama. “Kimemfuata mtu.”

Wafadhili wakakubali kumpeleka India. Hatapasuliwa, walisema. Watapitisha mrija mwembamba kwenye paja, wataufuata mshipa mpaka kwenye moyo, na huko wataacha kijispringi cha waya kinachojikunja na kuziba njia. Mzazi mmoja tu ndiye anayesafiri naye. Niliinamisha kichwa kama mtu anayeumia, lakini shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye alikuwa amepanda kutoka Liuli na gunia lake la usipa mkavu, wale dagaa wa ziwani, akaniumbua pale pale.

“Mtazameni shemeji figa,” alisema. “Anasikitika huku anavuta kigoda.”

Mama na mtoto wakaondoka. Nilidhani nitakaa. Sikukaa hata dakika. Nilianza kuzunguka nyumba. Nilitengeneza banda la kuku ambalo halikuharibika. Nilichimbua ngoro mpya, yale mashimo yetu ya kulimia mteremkoni, kabla ya wakati wake, mpaka jirani akaja kuuliza kama nimepata habari za mvua ambazo redio haijazitangaza. Mahali pekee pa kupata habari palikuwa misheni, kwenye simu ya upepo, na nilikuwa nikienda huko asubuhi na kurudi, halafu nikifika nyumbani nakumbuka kwamba huenda wameita nilipogeuza mgongo.

Siku habari ilipokuja, ilipitia Dar es Salaam, ikapita kwa mtawa aliyekuwa akiendesha simu ile, na ikafika kwangu namna hii: “Mtoto salama. Springi ya kwanza imetoroka. Imekamatwa. Ya pili imekaa. Mguu wa kulia baridi. Ova.”

“Imetoroka kwenda wapi, Sista?” niliuliza.

“Hawajasema.”

“Na mguu?”

“Baridi, wamesema. Ova ni mwisho wa maneno, siyo sehemu ya ugonjwa.”

Nilirudi nyumbani na maneno yale kama mtu aliyepewa vifaranga vya kushika mikononi. Springi inatorokaje? Mguu unapoaje kama uji? Nililala upande mmoja, nikageuka, nikaamka, nikaenda kuangalia kuku.

Mke wangu aliporudi ndipo nilipoelewa. Springi ya kwanza ilikuwa imeteleza ikasukumwa na damu hadi kwenye mshipa wa pafu. Wakaifuata na kitanzi cha uzi ndani ya ule mrija, wakaivua kama mtu anavyovua samaki. “Watu wa kwetu wangeivua haraka zaidi,” alisema binti wa ziwani. Wakaweka ya pili, kubwa kidogo. Mguu ulipoa kwa sababu mshipa wa paja la mtoto ni mwembamba kama unyasi, na mrija ulipotoka damu iliganda pale. Wakampa dawa ya kuyeyusha, ukapata joto. Na ile springi ya pili ilikuwa imekaa vizuri, isipokuwa pembeni yake damu kidogo ilikuwa bado inapenya. Itaziba yenyewe, walisema. Lakini mwangalieni mkojo.

“Mkojo?” nilisema. “Moyo uko juu, mkojo uko chini.”

“Ndivyo walivyosema. Muuguzi aliyetusindikiza safarini alirudia kuniambia mpaka uwanja wa ndege. Mama, mkojo ukigeuka rangi ya kahawa, usingoje kesho, kimbilia hospitali.”

Tukatazamana. Kisha wote wawili, kwa pamoja, tukageuka kutazama nje, ambako kahawa ilikuwa imetuzunguka pande zote.

Sasa nisaidieni. Kahawa ina rangi gani? Ikiwa mtini changa ni ya kijani. Ikiiva ni nyekundu. Ukiimenya na kuiosha na kuianika kwenye kichanja, ile ya maganda ni manjano hafifu kama majani makavu. Ukiondoa ganda, punje ni kijivu cha kijani. Mtu akiniambia rangi ya mahindi sifikirii pombe. Najua kahawa inanywewa. Nilikuwa nimeona picha kwenye kopo. Shuleni nilikuwa na penseli ya kahawia, ile isiyokwisha kwenye boksi kwa sababu hakuna anayeitaka, na katika miaka yote ya elimu yangu haikunijia hata siku moja kwamba kahawia na kahawa ni ndugu. Kwetu tulikuwa tunakunywa chai. Kahawa ilikuwa ya kuuza, ikienda kwa watu ambao hatukuwahi kuwaona wakiinywa.

“Ya maganda haiwezi kuwa,” alisema mke wangu. “Mkojo wote ni rangi ya kahawa ya maganda. Tungelala hospitali.”

“Ya kijani?”

“Umewahi kuona mtu akikojoa kijani?”

“Basi ni nyekundu,” nilisema. “Ni damu. Wanaogopa damu. Muuguzi hakutaka kukutisha kwa neno damu, akakupa mfano wa nyumbani.” Nilijisikia msomi. Mke wangu alifikiri, akakubali, na mimi nikaenda shambani nikachuma punje zilizoiva vizuri, nikazipanga kwenye dirisha la chumba ili tuwe na kipimo.

Ikawa ndiyo kazi yangu. Nepi za kitambaa, kabla ya kufuliwa, zilipita kwangu. Nilizibeba dirishani, nikazilinganisha na punje. Punje zikianza kunyauka na kuwa nyeusi nilizitupa na kuweka mpya, ili rangi isipotee. Watu wakipita njiani walikuwa wakiniona nimesimama dirishani nimeinua nepi juani kama padri na sakramenti.

Shemeji alipopanda tena kutoka Liuli na usipa wake, alinikuta katika hali hiyo.

“Shikamoo nepi,” alisema.

“Cheka tu. Mpwa wako anaendelea vizuri.”

Na alikuwa akiendelea vizuri, mwanzoni. Ule mtetemo kifuani ulikuwa umepungua, ukabaki mluzi mdogo. Alinyonya bila kupumzika. Alitambaa hadi kwenye kigoda changu, akakishika, akasimama, nami nikasema, mrithi amepatikana.

Halafu, msimu wa kuchuma ulipokuwa umepamba moto, nepi moja ya asubuhi ikaja na doa ambalo silisahau. Nikalipeleka dirishani. Halikuwa jekundu. Lilikuwa kama chai ya rangi iliyokaa kwenye birika.

“Njoo uone,” nilimwita mke wangu.

Akaja, akaangalia doa, akaangalia punje. “Siyo,” alisema.

“Siyo,” nilisema. “Hii ni chai.”

“Jana nilimpa uji wa ulezi.”

“Basi ni ulezi.”

Tukaacha ulezi. Kesho yake doa likarudi, limekolea. Tukasema ni jua, mtoto hanywi maji ya kutosha. Tukampa maji. Likaja jingine. Nililiweka karibu kabisa na punje nyekundu, zikagusana, na kwa kweli hazikufanana hata kidogo, na bado sikupata nafuu. Jambo fulani lilikuwa linanitembea ndani. Nilikuwa nikisema siyo kahawa, huku miguu yangu inanipeleka kwenye dirisha lile hata pale ambapo hapakuwa na nepi. Mtoto alikuwa ameacha kusimama. Alikaa kwenye mkeka akitazama mikono yake, na viganja vyake vilikuwa vimepauka. Mke wangu alisema weupe wa macho nao unaelekea manjano. Mimi nikasema ni mwanga wa dirishani, kisha nikambeba nje, na nje pia yalikuwa manjano.

“Kesho tumpeleke,” alisema.

“Kesho,” nilisema. Maana siku ile kulikuwa na mkutano.

Ile ilikuwa miaka ambayo soko lilikuwa limefunguliwa. Zamani kahawa ilikuwa na mnunuzi mmoja tu, chama cha ushirika, na ukishapeleka unasubiri mpaka usahau ulipeleka nini. Sasa wanunuzi binafsi walikuwa wamejaa Mbinga na magari yao, kila mmoja anakuita mzee wangu. Mmoja wao aliita wakulima wa upande wetu kwenye ghala lake jipya, na alikuwa amemleta kijana wa kutoka Moshi, mwenye tai na viatu vilivyochongoka, atufundishe ubora. Tulikaa kwenye magunia. Kijana akasema wenzetu wanakolima kahawa kwingine duniani wanaijua mpaka mdomoni, sisi tunaijua mpaka kwenye mzani tu. Akaagiza vikombe vidogo vyeupe vigawiwe, kila mtu chake, akamimina kutoka kwenye birika.

“Wazee wangu,” alisema, “leo onjeni mnacholima.”

Jirani yangu mzee, aliyelima kahawa tangu enzi za mkoloni, alionja, akafumba jicho moja. “Kijana,” alisema, “hii ni dawa ya minyoo?”

“Ni kahawa yako, Babu.”

“Yangu ni nyekundu.”

“Hiyo ni kabla ya kukaangwa, Babu. Rangi ya kahawa ndiyo hiyo.”

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimekiinamisha kikombe changu nipate kunusa. Kati palikuwa peusi, na pembeni, pale kinywaji kilipopanda kwenye ukuta mweupe wa kikombe na kuwa chembamba, palikuwa na mzunguko wa rangi ya kutu. Nilikuwa nimelibeba doa lile asubuhi ile ile, kwa mikono hii hii, jeusi katikati na kutu pembeni, kwenye kitambaa cheupe.

“Hii,” nilisema, nikiinua kikombe, “hii ndiyo rangi ya kahawa?”

“Unataka gani tena, mzee wangu? Ya bluu?”

Sijui nilikiweka wapi kikombe. Walinisimulia baadaye kwamba nilimpa mzee akiwa na chake mkononi, na kwamba kijana wa Moshi aliuliza kama ladha ni mbaya kiasi hicho. Mimi nakumbuka mteremko tu. Mtu ambaye kijiji kizima kilikuwa hakijawahi kumwona akitembea haraka alipita katikati ya mashamba ya watu akikimbia, bila kofia, na wanawake waliokuwa wanachuma wakasimama wakidhani kuna moto.

Mke wangu alikuwa akiosha kahawa.

“Ni nyeusi!” nilimwambia.

“Nini?”

“Kahawa! Kahawa ni nyeusi!”

“Wamewapa pombe?”

“Ya kunywa! Ya kwenye kikombe! Yule muuguzi ni mtu wa wapi?”

“Wa pwani,” alisema, “wa Tanga,” na mkono wake ukabaki ndani ya maji. Huko watu wanauziwa kahawa mitaani kwa vikombe. Huko kahawa haina mti. Sikuhitaji kumweleza zaidi. Alikuwa ameshafika ndani, ameshamfunga mtoto mgongoni, na ile nepi ya asubuhi ameikunja kwenye mfuko, wakati mimi bado nahema mlangoni.

Shemeji, aliyekuwa amepanda tena kutoka Liuli, ndiye aliyetupatia gari. Lori lililokuwa limemleta na samaki lilikuwa bado linapakia mahindi sokoni, na alimwambia dereva maneno ambayo siwezi kuyaandika. Tulifika hospitali ya misheni tukinuka usipa. Daktari alikunjua nepi, akamwangalia mtoto macho, akasikiliza kifua kwa muda mrefu, na akaanza kutoa amri kabla hajatoa masikio yake kwenye kile kipimo.

Alitueleza baadaye, akiwa amesimama. Damu ina chembe. Tundu la kile kimshipa lilipokuwa wazi kabisa, chembe zilikuwa zinapita bila shida, ila moyo ulichoka. Sasa limezibwa, lakini siyo lote. Springi imesogea kidogo, na damu inapenya kwa nguvu kwenye upenyo mwembamba, inajibamiza kwenye waya, chembe zinapasuka. Rangi ya zile zilizopasuka ndiyo tunayoiona kwenye mkojo.

Nilimwelewa kuliko nilivyotaka. Ni ile mashine yetu ya mkono ya kumenyea kahawa. Ukiilegeza, punje zinapita na maganda yake, hasara ndogo. Ukiibana nusu nusu, inavunja kila kitu.

“Mtoto amebaki na damu kidogo sana,” alisema daktari. “Nani mwenye kundi linalofanana?”

Yangu haikufanana. Ya mama yake haikufaa. Naye alikuwa ananyonyesha, amekonda. Shemeji akavua shati bila kuulizwa, akalala kitandani, akatazama chupa ikijaa.

“Leo mnapata Mnyasa wa kweli,” alisema. “Akipona huyu, mkimpa maharage atalia. Atataka samaki mbasa.”

Mwishoni sauti yake ilikuwa imebadilika.

Damu ilimnyanyua, lakini haikuzuia kile kisagio cha waya kifuani. Ilibidi twende Dar es Salaam, kwenye hospitali kubwa, wakaifunge njia ile kwa mkono. Safari hii nilipanda na mimi. Mke wangu hakuniuliza, nami sikutafuta sababu. Barabara ya Songea, Njombe, Makambako, Iringa, milima ikaisha, nyasi zikaisha, joto likaingia dirishani kama mtu anayejuana nasi, na njia nzima nilikuwa nimeweka kiganja kwenye kifua cha mtoto nikisikiliza ule mluzi. Nilikuwa ninauchukia na ninaogopa unyamaze.

Kule, daktari wa kupasua alisema angeweza kumrudisha India wakajaribu springi nyingine, lakini mtoto hana muda wa makaratasi. Akamfungua ubavuni. Tulikaa kwenye benchi. Yaani, mke wangu alikaa. Mimi nilikuwa nikitembea kutoka dirisha hadi mlango na kurudi, hadi mfagizi akaniomba nichague upande mmoja.

Walipotoka, daktari alisema kimshipa kimefungwa kwa uzi, kama mdomo wa gunia. Springi ameitoa. Alituonyesha kwenye kibakuli cha bati: kijiwaya kilichojikunja, kama cha ndani ya kalamu ya kubofya. Niliiangalia kwa muda. Ile ndiyo iliyonikimbiza mimi, mtu wa kukaa, nchi nzima.

“Sasa tusubiri mkojo,” alisema.

Tukasubiri. Mtoto alikuwa amewekewa mpira unaoingia kwenye kichupa kando ya kitanda, kwa hiyo nepi hazikuwepo, na dirisha langu halikuwepo, na punje zangu zilikuwa Mbinga. Kilichokuwa kwenye kichupa siku ile kilikuwa cheusi. Muuguzi akamwaga. Kikaja kingine, cheusi. Mke wangu alikuwa ananitazama mimi nikikitazama. Kesho yake kilikuwa kama chai ya rangi, halafu kama chai ambayo majani yametumika mara ya pili, na mimi nikawa naogopa kupumua karibu nacho. Mtoto alifungua macho, akaomba titi kwa ishara ya mdomo, akalala tena.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nimesinzia nimeegemea ukuta. Nilipofumbua macho jua lilikuwa limeingia wodini na kupita katikati ya kile kichupa. Manjano hafifu. Majani makavu. Kichanja changu, Mbinga, asubuhi, kahawa imeoshwa na imekauka.

“Kahawa!” nilipiga kelele. “Mama watoto, kahawa! Kahawa!”

Muuguzi wa zamu alisikia neno lile, na alikuwa amesoma faili. Aliacha sinia, akaja mbio, nyuma yake daktari mwanafunzi, nyuma yake mfagizi.

“Kahawa wapi?” aliuliza, ameshika kitanda.

“Hii hapa!” Nilikuwa nainyooshea kidole, nacheka, machozi yananitoka.

Akaangalia kichupa. Akakiinua kwenye mwanga, kama nilivyokuwa nikifanya mimi dirishani, akaniangalia kama mgonjwa ni mimi.

“Baba, huu ni mkojo mzuri kabisa.”

“Msamehe, dada,” alisema mke wangu, ambaye alikuwa ameshaweka kiganja kwenye kifua cha mtoto, na kiganja chake kilikuwa kimetulia, hakuna paka, hakuna mluzi. “Anasema ya maganda.”